BONHOMIE: Bashasha ya Uso na Wema wa Mtu



Lipo neno moja la Kifaransa ambalo Waingereza nao wamelichukua vile vile lilivyo, wakalitia katika lugha yao bila ya kulifasiri, na hivi sasa wanalitumia kwa zaidi ya miaka mia mbili. Neno lenyewe ni bonhomie, na matamshi yake ni karibu na kusema "bonomi". Ukiwauliza maana yake watakwambia ni uchangamfu: ile hali ya mtu kuwa mkunjufu wa uso, mwepesi wa kuzungumza na watu, asiye na makuu, ambaye ukikaa naye kitako moyo wako hutulia. Sisi twasema mtu huyo ana bashasha. Ndugu zetu wa Ngazija, na wale wa Kongo waliosomeshwa kwa Kifaransa, huenda wanalijua. Wasomaji wetu wengine pengine hawajapata kulisikia, wala si aibu.

Sikulileta hapa kwa kupenda maneno ya kigeni. Nimelileta kwa sababu ndani yake mna suali linalotuhusu sote, kuanzia barazani mpaka jikoni. Suali ni hili: Je, uchangamfu ndio wema? Mtu akiwa mcheshi kwa watu, yatosha tukasema kuwa ni mtu mwema?

Asili ya neno

Tulifungue neno tuone limefungwa nini. Kwa Kifaransa bon ni "-ema", na homme ni "mtu" au "mwanamume". Ukiyaunganisha unapata bonhomme, yaani mtu mwema, na kutokana na hilo likazaliwa bonhomie, yaani hali ya kuwa mtu mwema. (Wafaransa huandika bonhomme kwa m mbili na bonhomie kwa m moja, na hitilafu hiyo imewasumbua wanafunzi wao hata mwaka 1990, tahajia yao ilipotazamwa upya, ikatolewa ruhusa ya kuandika zote kwa m mbili.) Basi katika asili yake neno hili halikutaja uso, wala kicheko, wala maneno matamu. Lilimtaja mtu mzima na wema wake.

Ajabu ni kuwa Waarabu nao walikwenda njia hiyo hiyo wala hawakuazimana na Wafaransa. Mtu kwa Kiarabu ni mar-u, na kutokana na neno hilo wakapata muruwwa, yaani ukamilifu wa utu: ushujaa, ukarimu, kutimiza ahadi, kumlinda mnyonge. Na sisi Waswahili tukachukua "mtu" tukapata "utu". Lugha tatu, kila moja peke yake, zilipotaka jina la tabia njema zilikwenda kulichukua katika jina la mtu. Kana kwamba watu wa kale, kila mmoja alipo, walikubaliana kuwa mtu asipokuwa mwema basi umepungua utu wake.

Lakini tazama sasa lililotokea. Neno la Kifaransa lilianza moyoni, likapanda mpaka usoni, likabaki huko. Leo mtu akitajwa kuwa ana bonhomie, hatajwi kuwa ni mwaminifu au mkweli. Hutajwa kuwa anachekesha na kuchangamsha baraza. Na tusiwacheke wenzetu, kwani neno letu "murua", lililotoka katika hiyo hiyo muruwwa, nalo limepatwa na msiba huo. Kwa wazee wetu mtu wa murua alikuwa ni mtu wa adabu na heshima. Siku hizi twasikia nguo murua, gari murua, picha murua. Neno lililokuwa likipima moyo sasa linapima kinachopendeza macho. Maneno hayapotoki yenyewe, ndugu msomaji. Hufuata vile watu wanavyotazamana.

"Mtu mwema" aliyebebeshwa mizigo

Neno bonhomme lina kisa kingine, na ni kisa cha machungu. Katika karne ya 14 makabaila wa Ufaransa walikuwa na jina la kumwita mkulima yeyote: Jacques Bonhomme. Ni kama kusema "Jakobo Mtu Mwema". Usidhani walikuwa wakimsifu. Mtu mwema kwao alikuwa ni yule anayebeba bila ya kuuliza. Na mizigo ilikuwa mingi. Tauni kubwa ilipita mwaka 1348 ikaua watu wasiohesabika. Mwaka 1356 Waingereza walimteka mfalme wa Ufaransa katika vita vya Poitiers, na gharama za vita na za kumkomboa mfalme zikamwangukia mkulima. Askari waliokosa mshahara walizunguka mashambani wakipora, na makabaila waliokula jasho la mkulima kwa ahadi ya kumlinda hawakumlinda.

Mwishoni mwa Mei 1358, katika nchi iliyo kaskazini ya Paris, "watu wema" hao waliinuka. Walichoma majumba ya makabaila, wakaua, na katika waliouawa walikuwamo wasio na hatia. Uasi huo uliitwa Jacquerie, kwa jina lile lile la Jacques. Haukudumu hata wiki tatu. Mkuu wao, Guillaume Cale, aliitwa na Charles, mfalme wa Navarre, aliyeongoza jeshi la makabaila, kwa maneno ya suluhu: njoo tuzungumze. Akaenda bila ya kudai dhamana. Akakamatwa pale pale, akauawa, na wafuasi wake, wakiwa hawana mkuu, wakashindwa na kuchinjwa kwa maelfu.

Nimekitaja kisa hiki kwa mafunzo mawili. La kwanza, ni kuwa watu wakimsifu mtu kwa wema, yapasa tutazame wanamaanisha nini. Hata sisi husema, "Fulani mtu mzuri sana, hana neno." Aghlabu huyo "asiye na neno" ni yule anayekopwa asilipwe, anayetumwa asishukuriwe, anayedhulumiwa akanyamaza. Kumwita mwema kisha ukamkalia mgongoni ni kumdhulumu mara mbili, mara moja kwa mzigo na mara ya pili kwa kumfunga mdomo kwa sifa. La pili, ni kuwa maneno ya kirafiki yanaweza kuwa ndiyo mtego wenyewe. Aliyemwita Guillaume Cale hakumwita kwa matusi.

Lugha yao ilikwenda ikaona haya yote. Bonhomme ikawa na maana ya mtu mpole mwepesi kudanganywa, ikawa na maana ya mzee wa kawaida, ikawa hata jina la yule mtu wa theluji ambaye watoto wao humfinyanga wakati wa baridi. Kisha wakabuni jina la mtu anayejifanya mwema na mchangamfu hali ndani yake ana hesabu zake: faux bonhomme, yaani mtu mwema wa bandia. Mwaka 1856 palichezwa mchezo katika jumba la michezo la Paris ambao jina lake ndilo hilo, likitajwa kwa wingi. Watu hawatii jina kitu ambacho hawajakiona. Sisi tunaye pia, na siku hizi anatupigia simu, anatuita mama na baba, anatuulizia afya za watoto, kisha anaomba tumtumie fedha.

La Fontaine na nyumba yake

Nataka sasa nikupe mfano wa mtu mmoja halisi, kwani maneno matupu hayapimi kitu. Huyo ni mshairi Jean de La Fontaine, aliyezaliwa mwaka 1621 katika mji wa Château-Thierry na akafa mwaka 1695. Ndiye aliyetunga kwa mashairi visa vya wanyama ambavyo watoto wa Kifaransa huvihifadhi mpaka leo. Vingi alivichukua kwa Wayunani, na katika mkusanyo wake wa mwaka 1678 alikiri kuwa vingine amevipata kwa mwenye hekima wa Kihindi aitwaye Pilpay, yaani vile visa ambavyo Waarabu wanavijua kwa jina la Kalila wa Dimna. Basi si mgeni kwetu kabisa.

Mtu huyu lakabu yake ilikuwa ndiyo hiyo, le Bonhomme. Alikuwa mpole, hana makuu, mwenye kusahau sahau, wala hakujulikana kwa kinyongo. Matajiri na mabibi wakubwa wa Paris walipenda kuwa naye, na bibi mmoja, Madame de La Sablière, alimweka nyumbani kwake yapata miaka ishirini.

Je, wema wake ulikuwa ni wa usoni tu? La, na tuseme haki. Mfadhili wake wa kwanza, Nicolas Fouquet, aliyekuwa msimamizi wa fedha za mfalme, alikamatwa mwaka 1661. Mfalme alipomkasirikia, rafiki zake wengi walimkimbia kama vile nzi wanavyokimbia sahani iliyokauka. La Fontaine hakukimbia. Alitunga shairi la kumwombea huruma mfadhili wake, ilhali kufanya hivyo hakukuwa na faida yoyote kwake, bali khasara. Hapo twaona neno limerudi katika asili yake: mtu mwema kweli kweli.

Lakini mtu huyo huyo alioa mwaka 1647, akapata mtoto mmoja wa kiume. Mkewe alimwacha Château-Thierry, naye akakaa Paris akila kwenye meza za watu. Malezi ya mwanawe aliwaachia wengine. Paris nzima ilipata bashasha yake. Waliokuwa na haki nayo ya kwanza hawakuipata.

Ndugu msomaji, mimi sikuwekwa kuwahukumu waliokwishakufa. Mwenyezi Mungu ndiye anayewajua. Lakini nikitazama maisha ya mtu huyu naona swali letu limejibiwa nusu. Uchangamfu si lazima uwe uwongo. Ulimwengu una watu ambao uso wao na moyo wao ni kitu kimoja. Na hata ukiwa wa kweli, bado haujatimiza wema, kwani wema una wenye kuudai, na wa kwanza wao wako nyuma ya mlango wa nyumba.

Makosa ya pande mbili

Katika jambo hili watu hukosea kwa njia mbili. Wako wanaosema: uso mkunjufu ndio kila kitu, mtu akinichekea basi ni mwenzangu. Hawa tumekwishawaona wanavyotekwa. Na wako wanaosema kinyume: kucheka na watu ni unafiki, mimi nina uso wangu mmoja, aliyeupenda na aupende, aliyeuchukia na auchukie. Hujisifu kwa ukavu wao wakadhani ndio ukweli.

Hao wa pili nawaomba watanabahi. Imepokewa katika Hadithi sahihi, kutoka kwa Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, kuwa mtu mmoja aliyejulikana kwa uovu wa tabia alibisha hodi kwa Mtume (S.A.W.). Kabla hajaingia Mtume aliutaja ubaya wake, na alipoingia akampokea kwa uso mkunjufu na maneno laini. Bibi Aisha akastaajabu, akauliza. Akafahamishwa kuwa mtu mbaya kabisa mbele ya Mungu ni yule ambaye watu humwepuka kwa kuogopa uchafu wa ulimi wake. Maulamaa kwa kisa hiki wakapambanua mambo mawili. La kwanza ni mudara, nayo ni kumlainikia mtu, kutoa katika dunia yako, katika uso wako na subira yako, ili pasizuke shari au ili apatikane kwenye kheri. La pili ni mudahana, nayo ni kumlainikia kwa kuuza haki: kuliita baya zuri, kumsifu dhalimu kwa dhulma yake, kunyamaza ilipopasa kusema. Mudara ni adabu. Mudahana ni khiyana. Uso waweza kuwa mmoja katika hali zote mbili. Kinachotofautiana ni kile unachokitoa. Katika ya kwanza unatoa kilicho chako. Katika ya pili unatoa kisicho chako.

Na kisa cha kipofu, Abdullahi bin Ummi Maktum, nani asiyekijua katika waliosoma juzuu amma? Alikuja kutaka kufundishwa wakati Mtume alipokuwa ameshughulika na wakubwa wa Kikureshi akitaraji waongoke, na kwa kule kukunja uso zikashuka aya za kuonya. Fikiri jambo moja. Kipofu hakuuona uso ule. Lau jambo lingekuwa ni kupendeza macho ya watu tu, hapakuwa na aliyeudhika. Lakini uso una thamani hata mbele ya asiyeona, kwani unaonyesha tunampa nani uzito na nani tunampunguzia. Na inajulikana kuwa baada ya hapo Abdullahi aliheshimiwa sana, hata Mtume akisafiri mara nyingine alimwachia Madina aisimamie.

Mizani mitatu

Basi nakupa mizani mitatu, ujipimie mwenyewe bashasha yako. Usimpimie jirani.

Mizani ya kwanza ni kizingiti cha nyumba. Wapo wanaume, na wanawake pia wapo, ambao barazani na harusini ni asali, na wakivuka kizingiti huwa shubiri. Mimi ni mwalimu wa watoto kwa miaka mingi, na watoto hawafichi. Yuko mtoto ambaye akisikia mlio wa makubadhi ya baba yake mlangoni huinuka akakimbilia. Na yuko ambaye akisikia mlio huo hunyamaza, akakusanya vitu vyake, akajikunyata pembeni. Baba wa mtoto huyo wa pili waulize watu wa mtaani: watakwambia hakuna mcheshi kama yeye. Huyo amegawa sadaka njia nzima, akafika kwake mikono mitupu.

Mizani ya pili ni yule asiye na cha kukupa. Kumchangamkia tajiri, mkubwa wa ofisi, mchumba unayemtaka, hayo hata paka huyafanya aonapo samaki. Tazama uso wako mbele ya mtumishi wa ndani aliyevunja kikombe, mbele ya mchukuzi anayekudai nauli yake, mbele ya mjane anayekuja mara ya tatu kwa shida ile ile.

Mizani ya tatu ni siku ya haki kusemwa. Rafiki yako amemdhulumu nduguye katika mirathi, naye anakuita mkacheke naye kama kawaida. Bashasha yako itabaki, au itajua pa kusimama? Ikiwa haina pa kusimama, jua hiyo ni woga uliovaa nguo ya urafiki.

Na kwa upande wa pili, tusimdhulumu asiye mchangamfu. Wako watu Mwenyezi Mungu amewaumba nyuso zao nzito. Wako wenye maradhi, wako wenye huzuni ya miaka. Yuko mama ambaye humwoni akicheka, lakini huamka alfajiri akachoma vitumbua, na kwa vitumbua hivyo amesomesha watoto watano. Ukimwambia mama huyo hana bashasha utakuwa umesema kweli. Ukimwambia si mtu mwema utakuwa umemsingizia. Wafaransa wa zamani wangemjua. Wangesema neno lile katika maana yake ya kwanza, na lingemfaa.

Wazee wetu walisema nyumba njema si mlango. Ni kweli, wema wa nyumba uko ndani. Lakini nyumba isiyokuwa na mlango vile vile haimfai mtu, kwani njaa ya ndani na chakula cha ndani vyote havijulikani, na mgeni hupita akaenda zake. Uchangamfu ni mlango wa wema. Tuufungue, tusiuache na kutu. Tukikuta uso wetu umekuwa mzuri kuliko moyo wetu, dawa si kuukunja uso ulingane na moyo. Dawa ni kuupandisha moyo mpaka ufikie pale uso ulipotangulia kuahidi. Na tuanze leo leo, pale tunapovulia viatu, kwa wale waliokwisha kuizoea sauti ya makubadhi yetu.

Mwenyezi Mungu atutengenezee dhahiri zetu na siri zetu, azifanye nyuso zetu ziwe ni shahidi wa kweli wa nyoyo zetu, na awarehemu waliotulea kwa upole na waliotulea kwa ukali wakitutakia kheri. Amin. Wallahu aalam.